Kengele ya reli pale Katana

Leo maman yangu ametupita sisi wote na matelefone yetu!

Tulikuwa Katana, ku bord ya ziwa, tunacheza ule muchezo: mutu anaficha ka boîte, ka sanduku kadogo, wewe unakatafuta na GPS, ukikapata unaandika jina yako mu kaye, ka daftari kenye kako ndani.

Indice, maneno ya kutuongoza, ilisema: "Reli, fasi treni haiyafika."

Saa muzima tunazunguka! GPS ya rafiki yangu Espoir inatutuma mu maji, nasi tunabishana nayo.

Maman, mwenye alikuja tu kusalimia dada yake, akacheka:
"Reli? Si ile kengele ya chapelle, ka kanisa ka hapa? Papa yangu njo aliileta, alikuwa anatumika ku reli ya Kamanyola."

Kweli. Kipande ya reli, imetundikwa ku muti. Ka boîte kako nyuma ya muti.

Nikamupa bic aandike jina yake.
Akaandika ya papa yake.

Kisha akaokota chuma, akagonga ile reli na nguvu yote.

Watu wakatoka mbio, juu ile kengele inagongwa siku mutu amekufa: "Nani amekufa?"

Mi natafuta fasi ya kujificha (nyinyi mungefanya je?). Maman akasimama wima:

"Hakuna. Papa yangu ameandikwa leo."