Gurudumu la Mkiani

Mjomba wangu alikuwa hamali wa rukwama, ule mkokoteni wa magurudumu mawili. Huyo ndiye niliyemfuata kutoka Rabai, sijaota hata ndevu, baada ya kuachana na shule ya misheni kwenye kitabu cha pili, maana mwalimu alikuwa na mkono mwepesi nami nina kichwa kizito. Mjomba akishusha magunia ya makaa kutoka Magongo kuja Makupa, na penye mteremko hakuwa akikaa mbele kama wenziwe. Alikwenda nyuma, akaikamata rukwama kwa huko, mzigo ukamtangulia. Wenziwe walimcheka wakisema yule anaendesha kwa makalio. Alipenda halua kupita kiasi, Mungu amrehemu, na halua ndiyo iliyomng'oa meno yote ya mbele.

Lakini sikukaa kuandika habari za halua. Mjomba alikwisha kufa zamani, mimi nina kibanda changu cha kutengeneza baiskeli pale Chaani, na vita vya Wazungu vimekwisha, ndipo alipohamia chumba cha pili yangu Mkamba mmoja aliyetoka Burma. Huko jeshini alikuwa mtu wa simu za upepo, zile zisizovutiwa waya. Nilimwita koplo, naye akaniita fundi. Alirudi akidhani kazi ya simu inamngojea, na kila ofisi aliyobisha ikampa ufagio. Akaishia kubeba magunia bandarini. Kwao Machakos hawakujua hilo, wao walijua mtoto wao yu katika mitambo.

Sasa huyu koplo akaunda ndege. Mbao zake ni za masanduku ya chai, ngozi yake karatasi, upana wake kama mlango. Injini, ndogo kama ndimu, aliachiwa na afisa wake wa vitani. Ndani akatia simu ya upepo aliyoiunganisha kwa mikono yake, na nyingine akaitia katika kisanduku chenye kitufe. Ukibonyeza, usukani wa mkiani unakwenda kulia. Ukiachia, unarudi katikati. Ukibonyeza tena, unakwenda kushoto. Wallahi niliposhuhudia mara ya kwanza nilitazama kama kuna uzi.

Mzungu mmoja, mkubwa wa karakana pale uwanja wa ndege, akamwambia ailete Jumamosi. Ikitembea chini anavyotaka yeye, ikaruka, ikarudi, basi atamwingiza kwa watu wa simu. Isipofanya hivyo, asionekane tena getini.

Na shida ilikuwa hapo pa kutembea chini. Usukani unataka upepo ili ufanye kazi, na ndege inapoanza kuondoka haina upepo. Ilikuwa ikizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Koplo akataka nimfanyie gurudumu la mkiani, linalogeuka pamoja na usukani.

Nilichukua njiti ya gurudumu la baiskeli nikaikunja, nikaipitisha ndani ya kibomba cha shaba cha stovu mbovu ili izunguke bila kuyumba. Kigurudumu chenyewe nilikikata kwenye kisigino cha kiatu cha mpira. Kuunganisha na usukani nilitumia springi mbili za viberiti vya petroli, ili gurudumu likigonga jiwe usukani usivunjike. Springi hizo nilizipitanisha, ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto kulia. Kwangu mimi, mtu wa baiskeli, chombo kinakwenda gurudumu linakotazama. Usukani ukienda kulia, gurudumu nalo litazame kulia.

Ijumaa jioni tukaijaribu nyuma ya nyumba. Koplo akabonyeza kulia. Ndege ikakata kushoto, moja kwa moja kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki, ikagonga mafiga na bawa likapasuka. Mama yule alitusema mpaka nikasahau jina langu.

Tulipofika ndani koplo akalipapasa bawa lililopasuka. Kisha akasema polepole, "Simu yangu haina kosa, fundi."

"Na gurudumu langu linatazama kulia. Inama utazame."

"Hii si baiskeli ya katekista uliyozoea kuziba pancha."

"Basi katafute fundi wa ndege."

Tukapeana mgongo, kila mtu na ukuta wake. Yeye akagundisha upya karatasi ya bawa kwa uji wa muhogo. Ndipo mjomba akanijia akilini, sijui kutoka wapi. Mjomba akitaka rukwama iende kulia, kiuno chake kilisukuma sehemu ya nyuma kwenda kushoto, na mbele ikageuka kulia. Nikaziondoa springi nikazifunga bila kuzipitanisha, kila moja upande wake. Sasa usukani ukienda kulia, gurudumu linatazama kushoto. Koplo akaniangalia kama mtu anayeangalia mganga. Kuijaribu tena hatukuweza, betri zilikuwa zimebakiza roho ya safari moja.

Jumamosi tukaipeleka uwanja wa ndege. Mzungu alisimama mikono nyuma. Koplo akaweka ndege chini, injini ikalia, ikaondoka, pua ikaanza kuvutwa kushoto, koplo akabonyeza kulia, nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa imenyooka. Ikaruka, ikazunguka juu ya minazi, ikashuka, na koplo akabonyeza kulia, kushoto, kulia, mpaka ikaja kusimama mbele ya viatu vya yule Mzungu.

Mzungu akapiga magoti. Akashika mkia, akakichezesha kile kigurudumu kwa kidole, akacheka kwa furaha.

"Nani natengeneza gurudumu hii?"

Koplo hakuwa mtu wa kusema uongo. Akanionyesha. Mzungu akaniambia nije Jumatatu, karakana ya magurudumu inataka mtu. Koplo akaanza kumweleza habari ya simu, kwa Kiingereza, kila waya na kazi yake. Mzungu akatikisa kichwa.

"Hii sanduku ya jeshi tu. Mzungu natengeneza, hapana wewe. Kwa simu hapana nafasi."

Koplo akainama, akakiweka kisanduku kwenye majani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akajifuta mikono kwenye suruali. Mimi nikadhani anakwenda kujisaidia kando ya ua. Alipita geti, akashika njia ya Magongo, wala hakugeuka. Nilikaa kando ya ile ndege mpaka injini ikapoa, na hakurudi.