Zawadi ya Nyumba

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, mashariki ya London, nilikaa nyuma ya bibi wa Kizanzibari na mwanawe, mtu wa makamo. Mwana alikuja kuomba serikali ilipe gharama za nyumba ya wazee atakakopelekwa mamake. Serikali hailipi kirahisi kama mzee ana nyumba yake, hutaka iuzwe kwanza igharimie matunzo, na bibi huyu alikuwa nayo mpaka alipoiandikisha kwa jina la mwanawe.

Karani akauliza kwa nini mama alimpa mwanawe nyumba, maana iliyotolewa ili kukwepa gharama bado huhesabiwa ni ya mzee. Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo mwana akamtafsiria.

Bibi akavuta mtandio wake, akajibu taratibu, "Mwambie nilikupa ili nisitolewe humo mpaka nife. Uliniahidi mwenyewe, tumekaa jikoni."

Mwana akamgeukia karani, akasema kwa Kiingereza, "Anasema ni zawadi tu, mapenzi ya mama kwa mtoto."

Karani akaandika. Bibi akamshika mwanawe mkono wa koti.

"Umemwambia yote?"

"Nimemwambia, mama."

"Haya," akasema, akaanza kufunga vifungo vya koti lake kama mtu anayerudi kwake.

Mimi nilizielewa lugha zote mbili, nikakodolea macho namba yangu ya foleni. Wenzetu wengi huniuliza nyumba ya mzazi inakingwaje isiliwe na kaunsili. Sasa nimeona. Ile imekingwa vizuri sana, na wa kwanza kufungiwa nje ni bibi mwenyewe.