Niliwaambia wakwe nimepigana na rekini

Ndugu wasomaji, nimekosa, na kilichoniponza ni mdomo wangu mwenyewe! Acheni niseme, maana mke wangu ameapa kwamba nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye hatanibakishia hata nguo.

Vita vilipofika kwetu Kibumba, nje kidogo ya Goma, nilikimbia, sikusimama mpaka Mombasa. Miaka mitatu nikawa naparua magamba ya samaki kwenye hoteli ya ufukweni. Baharini sikuingia hata kunawa miguu. Sisi wa Kibumba tumezaliwa na jembe mkononi, kuogelea tutajulia wapi?

Niliporudi Goma nikampenda Kavira, binti wa mzee mmoja wa Butembo anayeuza sufuria huku Majengo. Siku ya kujitambulisha nikaenda na mjomba wangu. Desturi mnaijua: mposaji hufunga mdomo, mjomba ndiye husema.

Lakini jamani! Wazee wakaanza habari za vita. Huyu alilala darini siku nne, yule alivuka msitu na mama yake mgongoni. Kisha baba mkwe akanigeukia.

"Na weye, kijana, wakati ya vita ulikuwaka wapi?"

Niseme nilikuwa naparua samaki? Niliona aibu sana. Mjomba alikohoa ili anijibie, lakini mimi nimeshaanza.

"Nilikuwa napiga mbizi mu bahari, muzee. Siku moja nikakutana na rekini."

Rekini, yule samaki mkubwa mla watu, nilikuwa nimemwona mara moja tu, amekufa, juu ya mkokoteni. Nikamfufua! Nikampa urefu wa basi, nikampiga ngumi ya pua, akatoroka. Mama mkwe akaniongezea nyama.

Wiki haijaisha, mzee akaniita ziwani. Mzigo wake wa sufuria ulikuwa umeponyoka kwenye mtumbwi wakati wa kushusha, ukazama.

"Mukwe yangu, Mungu njo amekutuma! Ingia mu maji unitoshee sufuria zangu."

"Muzee, leo niko na mafua..."

Wapagazi wakapasuka kicheko. "Mutu mwenye alipiga rekini anaogopa sambaza?" Sambaza, wale vidagaa wa ziwa letu!

Kavira alikuwa pale pale, ananitazama. Nikavua shati, nikaruka. Mungu wangu! Nilishuka moja kwa moja kuzifuata sufuria. Nilijua nakufa, tena nakufa mwongo.

Mkono ukanidaka mkanda wa suruali. Kavira! Kumbe alijua kuogelea tangu familia yao ilipokimbilia kisiwani Idjwi. Akaniburura hadi kwenye mawe, nikatapika maji pamoja na ukweli wote: magamba, mkokoteni, woga.

Harusi ikasogezwa mwaka mzima. Nikaanza kujitambulisha upya, na hadi leo Majengo nzima inaniita Rekini.

Siku ile ziwani, mzee peke yake hakucheka. Alikaa kando yangu pale kwenye mawe.

"Mutoto yangu, mie nilikimbiaka na kiatu moja. Kukimbia vita haiko kosa. Kosa ni bongo yenye ulitupigia mu nyumba yangu." Bongo, yaani uongo; ndivyo tunavyouita huku.

Basi vijana mnaokwenda kuposa, mwacheni mjomba aseme! Na ukibanwa useme ulikuwa wapi wakati wa vita, sema ulikimbia. Utashangaa: chumba kizima kilikimbia.