Nzuri, Ila

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, siku hizi ana mguu mmoja na nusu. Hiyo nusu iliyopungua, watu wanasema imeliwa na sukari. Waseme wanavyotaka. Sukari ilikula sehemu yake, na mdomo wangu ukamalizia.

Mtaani wananiita Mama Kipenga. Jina hilo nilipewa kwa kejeli, nikalipenda. Kabla ya hapo nilikuwa msimamizi wa meza ya kukatia vitambaa katika kiwanda cha nguo, miaka ishirini na sita, na pale hakukuwa na hadithi: ukiulizwa mita ngapi, unataja mita, basi. Nilipostaafu nilikaa nyumbani miezi mitatu nikigombana na kuta. Kituo cha afya kilipotafuta wahamasishaji wa kujitolea, nilifika hata mlango haujafunguliwa. Walitufundisha wiki mbili, wakanipa mashine ya kupimia presha, daftari la mahudhurio na kipenga. Hicho kipenga ndicho walichokuja kukijutia majirani.

Kila Jumamosi asubuhi tulikutana kwenye uwanja wa shule ya msingi, watu arobaini na wawili, wengi wao wenye magoti yanayolia kama mlango mbovu. Tunazunguka mtaa mara tatu kwa miguu, tunanyoosha viungo, kisha wanapanga foleni barazani mbele ya meza yangu. Nampima mtu presha, namuuliza habari ya afya, namwekea tiki, anayefuata. Kabla hatujaachana nawapigia kelele somo la wiki. Lile la wenye sukari nalijua mpaka leo kama jina langu: tazameni miguu yenu kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, maana mguu wa mwenye sukari unaweza kuumia usikuambie.

Shemeji ana sukari, sote tulijua. Ni fundi viatu. Kibanda chake kiko palepale kando ya geti la shule, chenye upana wa kabati, kimejaa soli, gundi, nyuzi, na misumari midogo ya visigino iliyomwagika kila mahali. Viatu vya watembeaji wangu alivishona bure. Akimwona mtu anachechemea kwenye mzunguko wa pili, anamwita, anamvua kiatu, anakipiga uzi, huyo anaendelea. Mimi na yeye tumetaniana tangu siku nilipoolewa. Alikuwa akisema kaka yake hakuoa mke, alioa saa ya kumwamsha. Hata kaka yake alipofariki, ni yeye aliyenichekesha nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba, na sijawahi kumshukuru kwa hilo.

Sasa nyinyi mnazijua salamu zetu. Mtu hata awe amebanwa kidole na mlango, ukimuuliza habari atakuambia nzuri. Kwanza nzuri, halafu ndipo inakuja ila. Nzuri, ila mtoto hakulala. Nzuri, ila tumefiwa. Ile nzuri ni kubisha hodi tu; habari yenyewe iko ndani, kwenye ila. Hilo silo jambo la kufundishwa semina, nimelijua tangu naota meno. Lakini kwenye daftari mbele ya kila mtu kulikuwa na kisanduku kimoja, kidogo kama punje ya mahindi, na mimi nilikuwa na haraka zangu za kiwandani. Mtu akisema nzuri, mkono umeshaweka tiki.

Jumamosi ya kwanza ya mkasa huu, shemeji alikaa mbele yangu, mkono juu ya meza. Presha yake ilikuwa sawa.

"Habari ya afya, shemeji?"

"Nzuri, ila kuna soksi moja imenishangaza."

Nikajua ameanza mizaha yake. "Mwanamume mzima unashangazwa na soksi? Ifue," nikamwambia. "Anayefuata." Watu wakacheka. Naye akacheka, akainuka. Tiki.

Wiki ileile tukaletewa habari kwamba wakubwa wa afya wa jiji watatembelea vikundi vyote vya mitaa, na kikundi chenye mahudhurio bora kitapewa mizani mpya, ile ya kusimama. Mizani ile niliitamani kuliko nilivyoitamani harusi yangu. Nikaanza kufukuzana na watu mpaka milangoni mwao.

Jumamosi ya pili shemeji hakutembea. Alibaki kwenye kigoda chake kibandani, akaja kwenye foleni tu. Nikampulizia kipenga mbele ya watu wote. "Fundi viatu asiyetembea ni sawa na mpishi anayeshinda njaa," nikasema, na nilijiona mjuzi wa maneno kweli. Alipofika mezani akainama kidogo, kama mtu asiyetaka wengine wasikie.

"Nzuri, shemeji, ila nilikuwa nataka unitazamie..."

"Baadaye," nikamkatiza. "Foleni yote hiyo huioni?"

Tiki. Hiyo baadaye sikuirudia. Niliwamaliza watu, nikafunga daftari, nikaenda zangu kuomba viti vya wageni kwa majirani.

Jumamosi ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Nilipita kibandani kwake mapema kumhimiza, nikakutana na harufu mlangoni. "Shemeji, hiyo gundi yako imechacha," nikamwambia. "Fagia humu, watu wakubwa wanakuja." Akanitazama, akachukua fagio. Nikamuuliza habari ya afya palepale ili nisipoteze muda mezani. Akasema nzuri, akaendelea kufagia. Hapakuwa na ila. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijisemea moyoni, leo huyu amejifunza kujibu.

Wageni wakaja. Nikasimama na daftari langu, nikasoma kwa sauti ya kujipiga kifua: watu arobaini na wawili, mahudhurio kamili, wote wazima. Wakapiga makofi. Wakati huo nesi wa kituo cha afya, aliyekuja na wageni, alikuwa amekatikiwa na mkanda wa kiatu, akachepuka kwenda kwa fundi. Alirudi anatembea mguu mmoja peku. Kiatu alikiacha kulekule. Alikuwa anauliza nani kati ya wageni amekuja na gari.

Siku chache kabla ya Jumamosi ile ya kwanza, msumari mmoja wa kisigino ulikuwa umepenya soli ya kiatu cha shemeji ukaingia chini ya kidole gumba, naye hakuusikia. Aligundua jioni, alipovua. Alitazama miguu yake kama nilivyowafundisha, akaona soksi imelowa damu na mguu hauumi hata kidogo. Hiyo ndiyo soksi iliyomshangaza. Huenda katika watu wote arobaini na wawili ni yeye peke yake aliyekuwa akilifuata somo langu, na alipokuja kunipa jibu nikamwambia akafue.

Hospitali walimkata chini ya goti. Daktari alisema angefika wiki ile ya kwanza, kidonda kingesafishwa na angerudi nyumbani siku hiyohiyo. Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwenye korido, na nikatamani nisingezaliwa nayo.

Baada ya siku chache nesi alikuja nyumbani kwangu kuliangalia daftari. Akatafuta jina la shemeji, akapitisha kidole. "Nzuri, nzuri, nzuri," akasoma. "Alisema hivyo tu?"

"Ndivyo alivyosema," nikajibu.

Si uwongo. Ndiyo ubaya wake.

Kikundi kikaendelea. Mizani tulishinda. Kwenye foleni watu wakimzungumzia shemeji walitikisa vichwa na kusema mficha maradhi kilio humfichua. Walisema kwa huruma, na walisema pia kwa kunipoza mimi, kwamba ungefanya nini Mama Kipenga kama mwenyewe alificha. Nami nilikaa nyuma ya meza yangu nikaitikia kwa kichwa. Miezi miwili niliitikia. Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, kwa hilo nilipata breki.

Siku moja nilikwenda kwake na chupa ya uji. Nikamkuta nesi anambadilishia bandeji. Nesi akamuuliza, kwa upole tu, "Lakini kwa nini hukumwambia shemeji yako mapema?"

Nikashika mfuniko wa chupa. Nilijua sasa yametimia.

"Niliona haya," shemeji akasema. "Si unajua wanaume."

Hakunitazama. Nesi akamaliza kazi yake, akaaga, akatoka. Nikamuuliza kwa nini amemdanganya yule dada wa watu.

"Sasa ulitaka nimwambie nini?" akasema. "Wakunyang'anye kipenga, halafu ushinde nyumbani unanigombeza mimi? Sina hata mguu wa kukukimbia." Akacheka kile kicheko chake. Nilipoona siwezi kucheka naye, machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Akauvuta ukingo wa shuka. "Nilikungoja, lakini," akasema. "Ile Jumamosi ulivyosema baadaye. Nilikaa kibandani mpaka mchana, sikufunga hata kwenda kula. Nikasema nikifunga atakuja anikose."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua ya juzi. Angenitukana ningeshukuru. Nilimwomba msamaha na akaniambia uji unapoa.

Jumamosi iliyofuata sikupuliza kipenga. Niliwakusanya uwanjani nikawaambia yote, soksi, baadaye, gundi, hata ile furaha yangu ya siku ya wageni. Shemeji hakuficha, nikawaambia. Alisema mara mbili na mimi nilimkatiza mara mbili, na ya tatu alikuwa ameshakata tamaa na mimi. Hakuna aliyenizomea. Wengine walitazama viatu vyao, vile alivyovishona yeye. Kisha tukatembea, na nilipokaa mezani wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu, ambaye mwaka mzima nilikuwa nimemwekea tiki.

"Nzuri," akasema, "ila tangu mke wangu aondoke silali."

Siku hiyo foleni iliisha saa saba. Jioni nilichukua rula nikachora safu mpya kwenye daftari, pana, ikala nusu ya ukurasa, na juu yake nikaandika neno moja: ILA. Nesi alipoiona aliniuliza ila nini, akadhani nimesahau kumalizia.

Wananiambia nisijitese, maji yakimwagika hayazoleki. Najua hayazoleki. Mizani ile ipo barazani, inang'aa, na shemeji akipanda, ameshika nguzo kwa mkono mmoja, huwa nageuza uso mpaka mtu mwingine asome namba.

Mara ya kwanza aliporudi kwenye foleni alikuja kwa magongo, kiatu chake kimoja kimepigwa rangi kama cha bwana harusi. Akakaa, akanipa mkono. Presha yake ilikuwa sawa.

"Habari ya afya, shemeji?"

"Nzuri."

Nikaweka kalamu chini. Nikasubiri. Nyuma mtu akakohoa, sikuinua kichwa. Shemeji alikuwa ananiangalia, na nilijua anangoja nini: anangoja niseme anayefuata.

"Ila kile kidole gumba," akasema mwishowe. "Cha mguu walioutoa. Kinaniwasha, shemeji, na sina pa kujikuna."

Nikaandika neno kwa neno.

"Na nini tena?" nikamuuliza.