Bastola Aliyoichagua Baba

Mafuta ya kusafishia bastola yananuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi na kuachwa karibu na taa ya mafuta. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya majira ya baridi ya mwaka 2011, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi asubuhi, Baba na mimi tulitoka kwenye gorofa yetu ya Overport, mjini Durban, tukapanda teksi mbili hadi Westville, ambako miti ni mingi kuliko watu na kila geti lina mbwa wake. Tulikwenda kwa Mzee Colin, mzungu wa miaka themanini na kitu aliyefiwa na mkewe, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa mashine bandarini. Siku za wiki Baba alipakia malori kwenye maghala ya Clairwood. Jumamosi alikata majani ya Mzee Colin, akazibua mifereji ya paa, na kazi ilipokwisha wawili hao walitandaza gazeti kuukuu juu ya meza ya jikoni, kisha mzee akatoa bastola mbili kwenye kasha la chuma. Mimi nilikaa katikati yao, kwa sababu Kiingereza cha Baba kilitosha kuomba reki na ndoo tu. Mambo mengine yote yalipitia kinywani mwangu.

Zote mbili zilikuwa rivolva, zile zenye silinda inayozunguka na matundu sita, na zote zilitumia risasi ndogo kabisa, nyembamba kama kipande cha penseli, ambayo nyundo huigonga ukingoni mwa kitako badala ya katikati. Mlio wake ni kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Moja ilikuwa fupi na nyepesi, mtutu wake haukuzidi kidole changu cha kati, mshikio wake wa mpira. Mzee Colin aliinunua zamani, enzi alipokuwa akipiga kambi milimani na mkewe, na alikiri kwamba sifa yake kubwa ni kuwa unasahau umeibeba. Kifyatulio chake kilikuwa kigumu kama kufungua kopo lenye kutu. Nyingine ilikuwa ya chuma kitupu, mtutu wa shibiri moja, mshikio wa mti uliolainishwa na kiganja kimoja kwa miaka arobaini. Uzito wake ulikaa mbele, hivyo hata mkono unaotetemeka ulitulia. Ukivuta nyundo nyuma kwa dole gumba, kifyatulio kilitaka kuguswa tu. Kulenga nayo ni rahisi zaidi, mzee alitueleza, kwa sababu vijiti viwili vya kulengea viko mbali kimoja na kingine, na kosa dogo unaliona kabla hujalifanya.

Baba hakuwa askari. Kule Uvira, Kongo, alikuwa fundi wa saa. Huku Durban hakuna aliyemuuliza mkimbizi kama anajua kutengeneza saa, kwa hiyo nadhani kwa wiki nzima ile rivolva ndefu ndiyo ilikuwa mashine pekee iliyostahili vidole vyake. Aliisafisha ya mwisho siku zote, kama mtoto anayeacha nyama pembeni ya sahani. Aliizungusha silinda sikioni akisikiliza jinsi inavyojifunga. Kabla ya kwenda uwanja wa shabaha kuangusha makopo matupu walifanya mazoezi pale pale mezani: Mzee Colin aliweka maganda matupu ya risasi kwenye silinda, maana bastola ya aina hii ikifyatuliwa tupu pini yake hugonga chuma na kuharibika, kisha akasimamisha sarafu juu ya mtutu. Sharti lilikuwa ufyatue bila sarafu kuanguka. Kwa ile fupi sarafu ilianguka kila mara. Kwa ile ndefu Baba aliweza kufyatua mara sita, na sarafu ikabaki imekaa.

"Neema, mwambie baba yako anaishika kama mtu aliyebeba yai la jirani," Mzee Colin alisema siku moja.

Baba alicheka. "Mwambie njo yai ya jirani kweli," alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo njo ni ndiyo.

Ilikuwa kweli. Sheria ilimruhusu kufyatua akiwa chini ya macho ya mwenye leseni, lakini kumiliki hapana, maana alikuwa na karatasi ya mkimbizi tu, ile inayohuishwa kila baada ya muda kwa foleni ya siku nzima. Mama hakuipenda habari hii hata kidogo. "Tulikimbia ma-bunduki Uvira," alisema akisuka nywele za mteja sebuleni, "na wewe unapanda teksi mbili kuyafuata."

"Hii haiko ya watu, mama Neema. Ni ya ma-kopo."

"Na hayo makopo yalikukosea nini?"

Mteja alicheka mpaka Mama akamwambia atulie. Lakini Baba alirudi nyumbani kila Jumamosi akiwa mtu mwingine, mgongo umenyooka, na nafikiri Mama aliliona hilo pia. Mzee Colin naye, ambaye mikono yake ilitetemeka hata akishika kikombe, alikuwa bado anaweza kuangusha makopo manne kati ya sita kwa ile ndefu. Kwa ile fupi hakupata hata moja. Hakuna mtu aliyehitaji kuniambia ipi ilikuwa bora. Nilikuwa mtoto, na nilijua.

Mwezi wa nane, Jumamosi moja, Mzee Colin aliziweka bastola zote mbili mezani bila kutandaza gazeti. "Nataka jibu la fundi," alisema, "kwa hiyo tafsiri vizuri, Neema. Muulize baba yako, kati ya hizi mbili, anaipenda ipi?"

Hakusema kwa nini anauliza. Nilimuuliza Baba. Nikaona macho yake yakienda kwenye ile ndefu, yakakaa, yakarudi. "Mwambie hii kidogo," alisema. "Iko nyepesi. Muzuri ya kutembea nayo."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kwa sauti ya shuleni. Mzee Colin aliinua nyusi, akaitazama ile fupi kwa muda mrefu, akasema, "Basi, yeye ndiye fundi," na akazirudisha zote kwenye kasha.

Lazima nieleze kilichotokea kichwani mwa Baba, kwa sababu nimeishi na jambo hili miaka mingi na bado linanikera. Kwetu, mwenye mali akikuuliza unapenda kipi kati ya vitu vyake, maana yake anajiandaa kukupa. Mtu mwenye adabu hutaja kile hafifu. Ukiulizwa kipande gani cha kuku, unasema shingo. Kisha mwenyeji anakataa, anasema haiwezekani, anakuwekea paja kwa nguvu, na wote mnaridhika. Nilimuuliza Baba tukiwa kwenye teksi kwa nini amesema uongo. Hakukasirika. "Ningesema ile murefu, angejisikia lazima anipe," alisema. "Na mimi siko na ma-papier ya kuipokea. Tungepata haya wote wawili. Sasa wiki ijayo atasema, hapana John, wewe unapenda ile murefu, mimi naona. Na nitamwambia, merci Patron, ikae tu kwako." Alikuwa ameshapanga mazungumzo yote, na sehemu ya mzee ameipanga pia.

Kasoro ya desturi hiyo ni kwamba inahitaji watu wawili wanaoijua. Jumamosi iliyofuata mzee alikuwa mgonjwa, hatukwenda. Ile iliyofuata tulikuta gazeti limetandazwa na bastola fupi iko juu yake peke yake. Leseni zilikuwa zinakwisha, Mzee Colin alieleza. Binti yake, aliyehofia silaha katika nyumba ya mtu wa umri ule, alikubali kumsaidia kuhuisha moja tu. Duka halikutaka kununua bastola kuukuu ya risasi ndogo. Kwa hiyo binti alikuwa ameipeleka ile ndefu kituo cha polisi, ikayeyushwe pamoja na nyingine. "Ningeiacha ile ndefu ibaki," alisema, "lakini macho yangu siyaamini tena. Nikasema nimsikilize mtu anayejua chuma."

Nilitafsiri. Baba aliweka kitambaa cha kusafishia mezani, akakikunja mara mbili, akakikunja tena. Kisha akasema, polepole, bila kunitazama, "Mwambie ukweli."

Sijawahi kutafsiri kitu kigumu kama kile, hata kwenye ofisi ya uhamiaji. Nilijaribu kueleza shingo ya kuku. Mzee Colin alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, akauliza mara mbili, "Lakini kwa nini hakusema tu?" na mara zote mbili nilimgeukia Baba, na mara zote mbili Baba alikikunjua kitambaa na kukikunja upya. Halafu mzee alichukua fimbo yake na funguo za gari.

Baba aliendesha. Kituoni alibaki ndani ya gari, kwa sababu muda wa karatasi yake ulikuwa umepita kwa siku tisa na hakuna mkimbizi anayeingia kituo cha polisi kwa miguu yake akiwa hivyo. Mtu pekee aliyeweza kueleza kwamba kosa hilo ni lake alikaa nje, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Niliingia na mzee. Askari wa kaunta alikuwa mama mnene mwenye huruma. Alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akaikuta namba. Ilikuwa bado iko pale, kwenye chumba cha silaha, nyuma ya ukuta alioegemea.

"Eish, mkhulu," alimwambia mzee, yaani babu. "Mtu akishasaini kuisalimisha, imekwisha. Hata mimi siwezi kuigusa."

"Lakini iko hapo," nilisema.

"Iko hapo, sisi," alijibu, yaani dada.

Tulirudi garini. Mzee Colin alifunga mkanda kwa shida, nasi tukaenda mpaka robot ya kwanza, yaani taa za barabarani. Kisha alisema, akitazama mbele, "Mwambie baba yako alichagua vizuri. Ile fupi ni nyepesi. Ile nyingine ilikuwa inanichosha mkono."

Nilijua si kweli, na nilitafsiri neno kwa neno. Baba alijibu, "Merci, Patron." Taa ikawa ya kijani, akaondoa gari. Walikwenda uwanja wa shabaha mara mbili tu baada ya hapo. Makopo yalibaki yamesimama, na mara ya pili mzee aliondoka kabla ya kumaliza risasi. Mwaka uliofuata binti yake alimhamishia karibu naye, mbali na Durban.

Nimesoma chuo kikuu, na huko nilifundishwa kuhoji kila kitu. Nimeihoji adabu ya Baba kwa miaka mingi, na ya Mzee Colin, na uaminifu wangu, na sijampata wa kumlaumu. Mimi nikiulizwa ninataka nini, hujibu, na shangazi zangu husema nimeharibika. Sasa nina ukaaji wa kudumu. Naweza kuomba leseni, na Baba, ambaye bado anahuisha karatasi zake, anaweza kufyatua akiwa chini ya macho yangu. Mwezi uliopita nilimwonyesha kwenye simu picha za rivolva saba za risasi ndogo: mitutu mifupi, mirefu, mishikio ya mti, silinda za matundu sita na za tisa. Alivaa miwani. Alizipitia zote, na kwenye ya nne kidole chake kilisimama, akaikuza picha, akatazama nyundo.

"Hiyo, Baba?" nikamuuliza.

Alinirudishia simu. "Chagua wewe, mama," alisema. "Kwangu yote iko sawa."