Matanga ya Valerian Yaliyochelewa

Ukifiwa mtaani kwetu Mollo, kabla hata jeneza halijapatikana, mwiko wa Cornelia umeshafika. Ni mwiko mrefu kama mpini wa jembe, aliochongewa na mumewe Valerian mwaka waliooana. Kwa miaka zaidi ya ishirini Cornelia ndiye aliyesonga ugali wa misiba yote ya mtaa, yeye akisonga na jirani yake Asnath akimwaga unga.

Alikuwa na mdomo, msimwone hivi. Aliyekuja msibani na kucha ndefu alitumwa kuni. Mzee aliyerudi kudai nyama mara ya pili aliulizwa kama marehemu alikuwa wake peke yake. Na mfiwa akisogelea jiko kwa mazoea ya kujituma, Cornelia alimrudisha mkekani akalie watu wake, maana mfiwa hapiki. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Februari 2021 Valerian akaanza kukohoa. Siku zile ugonjwa wenyewe ulitajwa kwa kuzungukwa: changamoto ya upumuaji. Cornelia alimfukiza kwa majani ya mkaratusi siku nne, blanketi kichwani. Siku ya tano akafa. Akazikwa mchana uleule, kaburini watu tisa, mvua inanyesha. Wakubwa wa mtaa wakasema hakuna kukaa matanga, kila mtu abaki kwake. Walikuwa na nia njema, na huenda waliokoa roho za watu. Ila hakuna aliyeuliza mjane atalala na nani.

Cornelia hakusadiki. Binti yake Faith, anayeuza duka kule Chanji, alimkuta asubuhi anasonga ugali wa watu arobaini peke yake.

"Watakuja wana njaa," alimwambia.

Hawakuja. Jioni ugali ulikuwa umekauka, akawamwagia nguruwe. Mwiko akauchomeka darini.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Cha mtu mmoja hawakukipa jina, labda kwa sababu hawakupata kukiona.

Hatari ilipopungua, majirani wangeweza kwenda. Walishikwa na aibu. Utamwambiaje mtu pole baada ya miezi mitatu? Ikawa minne, ikawa sita, na kila mwezi ulizidi kuifanya njia ya kwa Cornelia kuwa ndefu, nao wanapakana naye ukuta kwa ukuta. Yeye akajiambia kumbe miaka yote walikuwa wanafuata ugali. Akaacha kwenda misibani, kisha kanisani, kisha shambani. Ulezi wake ukamezwa na magugu. Alilala mchana na kusahau kula. Na mji wetu una jina lake la uchawi: mtu akinyamaza wiki mbili, tayari kuna anayeuliza nani kamfanyia. Wengine walisema ni kiburi. Kusema kwamba anaumwa moyo, na kwamba moyo nao huugua kama kifua, hakuna aliyethubutu, maana kwetu neno hilo linapakana na wazimu.

Faith ndiye aliyethubutu. Mwaka uliofuata alimshika mama yake mkono hadi zahanati. Muuguzi hakuwa na haraka. Alisema hali ile inaitwa sonona, inatibika, na akampangia siku za kurudi kuzungumza. Kisha akauliza, "Mama, matanga mlikaa?" Faith ndiye aliyejibu kwamba hawakukaa.

Swali lile Faith alilibeba moja kwa moja hadi kwa Asnath. Asnath alisikiliza, akajifuta uso kwa kanga, akasema wamefanya vibaya.

Mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikikata masikio, Asnath alisimama uani kwa Cornelia. Aliinama akapiga makofi taratibu, ile salamu ya Kifipa isiyohitaji kushikana mikono, ambayo angeweza kuipiga tangu siku ya kwanza. Hilo lilimuuma mwenyewe.

"Mama Faith, nimekuja kuazima mwiko. Kuna msiba."

Cornelia alijibu kwamba hapiki tena, mwiko auchukue tu. Akiwa anaushusha darini akauliza, "Wa nani?"

"Wa Valerian. Hatujamlilia."

Cornelia aliupangusa mwiko masizi kwa ncha ya kanga yake. Kisha akampa.

Kesho yake walikuja na mikeka, kuni na unga wao, wanawake kwa wanaume, wengine wameinamisha vichwa. Walikaa chini kana kwamba Valerian amekufa alfajiri ile. Cornelia alipoona moshi, miguu ikampeleka jikoni yenyewe. Asnath akamzuia kwa kiwiko.

"Kaa chini. Mfiwa hapiki."

Maneno yale alikuwa ameyasema yeye kwa nusu ya mtaa. Alikaa mkekani, akamwita mumewe kwa jina, akalia kilio cha mwaka na nusu, na wote wakalia naye.

Ugali ulipoletwa alimega tonge, akatafuna.

"Una madonge," akasema.

Asnath, macho bado mekundu, alimwambia basi kwenye msiba ujao asonge mwenyewe. Cornelia alisogeza sahani karibu akala mpaka ikaisha.