Mama Aliyefungiwa Stoo kwa Kosa la Mwanawe

Mdogo wangu alimpiga mwenzake kwa mpini wa jembe kwenye kilabu cha uraka, akampasua kichwa, kisha akakimbia. Hilo sibishi. Ulikuwa msimu wa mabibo, uraka umejaa kila mahali, na yeye akinywa huwa hasikii la mtu. Aliyepigwa alishonwa kwenye zahanati, akarudi kwao na bandeji kichwani. Ndugu zake walikuwa na haki ya kukasirika, na walikuwa na haki ya kushtaki. Ninachosimulia hapa ni kilichofuata, maana mpaka leo nikikikumbuka damu huchemka.

Kesho yake asubuhi mgambo wawili walifika nyumbani kwa mama, kijijini kwetu upande wa Newala, kumtafuta mdogo wangu. Hawakumkuta. Walimkuta mama anamenya ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, maana baadaye angekwenda kuokota korosho. Mmoja wao alikuwa kijana wa palepale kijijini, tuliyemjua tangu anatambaa. Alimpa mama shikamoo kwa adabu zote, mama akaitikia, ndipo akamwambia, "Mama, inuka twende kwa mtendaji. Mwanao akijitokeza, utarudi."

Mama aliuliza amekosa nini. Wakamwambia atayajua mbele ya safari. Aliomba aingie ndani akachukue dawa zake za presha. Wakasema hakai sana.

Mimi nilikuwa Masasi, kwenye kibanda changu cha kushona kule Lisekese. Jirani yake mama ndiye aliyenipigia simu. Nilifunga cherehani, nikaacha gauni la mteja halijatiwa upindo, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linapandisha Newala. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba nitakuta ni maelewano tu, kwamba mama kaitwa kuulizwa mawili matatu na sasa ameketi barazani anasubiri.

Hakuwa barazani. Alikuwa stoo, nyuma ya ofisi ya kata, humo wanamohifadhi mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Dirisha lilikuwa dogo, la nondo. Nilipomwita alisogea, nikamwona macho yamemwiva kwa ile salfa, na kanga ameikunja puani. Mama yangu ni mtu wa umri wa kuwa bibi. Alikuwa amekaa sakafuni, na maji alikuwa hajapewa.

"Usigombane nao," aliniambia kwanza kabisa. "Wataniachia wenyewe."

Niliingia kwa mtendaji. Nilimsalimu kama inavyopasa, kwa kuwa nilifundishwa hivyo na mama huyohuyo ambaye yeye amemfungia. Nikamuuliza mama amefanya kosa gani.

"Mwanawe amejeruhi mtu na ametoroka," alisema.

"Hilo nalijua. Nauliza mama amefanya nini."

Alijiegemeza kwenye kiti, akanitazama kama mtu anayemsikitikia mjinga. "Dada, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi ndiye mwenye mtoto. Akisikia mama yake yuko humu, atakuja mwenyewe. Hapa ndivyo tunavyofanya."

Hebu fikiria. Methali niliyoimbishwa shuleni nikiwa na sare iliyochanika, leo imegeuzwa sheria ya kumfungia mtu. Mdogo wangu ni mtu mzima, ana mke na watoto. Anapiga kura. Kama mtu akikosea mzazi ndiye afungwe, basi tungeanza na mama yake mtendaji, tumuulize naye alimleaje. Sikulisema hilo. Bado naona uchungu kwamba sikulisema, lakini ufunguo wa lile kufuli ulikuwa mfukoni mwake.

Nilipotoka nje, mgambo yule mwingine alinivuta pembeni. Akasema kwamba kama nina chochote cha dhamana, mambo yangekuwa mepesi.

"Dhamana ya kosa gani?" nilimuuliza.

Aliangalia pembeni, akasema shauri yangu.

Nilimpelekea mama dawa, maji na wali kupitia zile nondo, kisha nikampigia mteja wangu mmoja wa Masasi. Ni msaidizi wa kisheria, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimemshonea magauni kwa muda mrefu bila kuwahi kumuuliza hasa kazi yake ni nini. Nilimweleza yote huku nalia. Aliniacha nimalize.

"Nisikilize," aliniambia. "Kosa la jinai halirithiwi na wala halikopeshwi. Aliyelitenda ndiye anayelibeba. Mama yako hawezi kukamatwa kwa niaba ya mtu mwingine, awe mwanawe, awe mumewe. Na mtu yeyote akikamatwa lazima aambiwe kosa lake. Dhamana pia haiuzwi. Usitoe kitu. Mimi nakuja asubuhi."

Usiku ule mama alilala kwenye mifuko ya salfa.

Asubuhi yule msaidizi wa kisheria alifika na gari la mapema, amevaa gauni nililomshonea mwenyewe, na mkoba begani. Hakupaza sauti hata mara moja. Alimsalimu mtendaji, akajitambulisha, akauliza kama nilivyouliza mimi, "Huyu mama anatuhumiwa kosa gani?"

"Mwanawe ametoroka."

"Nimekuuliza yeye."

Mtendaji alianza tena habari ya malezi. Msaidizi wa kisheria akamsubiri amalize, halafu akamwambia, "Kama ana kosa, tumpeleke polisi sasa hivi, na mimi nawasindikiza, ukaeleze kule ni kosa gani. Kama hana, fungua mlango. Na ukichelewa, mimi nitakwenda mwenyewe kituoni na kwa mkurugenzi, nieleze kwamba kuna mama mgonjwa amelazwa stoo ya salfa bila kosa."

Nilidhani mtendaji atafoka. Aliinuka tu, akatoka na ufunguo.

Mama alitoka ameshikilia ukuta. Mwanga ulimchoma macho. Mtendaji alisimama pale mlangoni, na maneno aliyoyasema sitayasahau. "Haya mama, tumekuhurumia. Nenda nyumbani, ushukuru."

Na mama akasema, "Ahsante, baba."

Pale ndipo nilipoumia kuliko kwenye lile dirisha. Ananyang'anywa kilicho chake, anarudishiwa kama sadaka, na anashukuru. Nilitaka kusema kitu, yule msaidizi wa kisheria akanishika mkono. "Mpeleke kwanza zahanati," alisema. "Hayo mengine yapo."

Mama alipimwa, presha ilikuwa imepanda, akapumzishwa kutwa nzima. Mdogo wangu alikuwa amejificha kwa shemeji yake Chilangala. Habari ilipomfikia alikuja mwenyewe, na mimi nilimwambia wazi kwamba kuja kwake hakumfanyi awe na haki. Tulikwenda naye polisi pamoja na yule msaidizi wa kisheria. Aliandikisha maelezo, akadhaminiwa na mjomba bila kutoa chochote, na kesi ikaenda mahakama ya mwanzo. Alikiri. Hakimu alimhukumu kumfidia aliyempiga, akamwonya na kumpa adhabu ya kufanya kazi za jamii. Alifagia viwanja vya zahanati ileile iliyomshona mwenzake, watu wanapita wanamwona. Sikumwonea huruma. Kosa lilikuwa lake, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze lilikuwa limewekwa kwenye mabega yanayostahili.

Lakini kosa la mtendaji nani alilibeba? Tuliandika malalamiko, tukayapeleka wilayani. Tuliambiwa yamepokelewa. Nilipofuatilia niliambiwa yanashughulikiwa. Nilipofuatilia tena, niliambiwa mtendaji amehamishiwa kata nyingine. Hivyo tu. Huko aliko ana ofisi, na sina shaka ana stoo pia.

Mama hakutaka tuendelee. Alisema watu watatuona wakorofi. Ila ulipoitishwa mkutano wa kijiji, kabla mtendaji hajaondoka, alisimama kati ya wanawake, yeye ambaye sijawahi kumwona akisimama mkutanoni. Sikuwepo, nilisimuliwa na jirani. Alisema, "Naomba niulize. Nilifungiwa, nikaambiwa nishukuru, nikashukuru. Sasa nauliza, nilishukuru nini?" Akakaa. Mwenyekiti akasema swali limesikika, wakaendelea na ajenda ya pembejeo.

Tangu hapo, mwanamke akija kibandani kwangu kupima nguo, huwa namsimulia. Namwambia mwanao akikosa, ni yeye atakayeitwa. Namwambia ukikamatwa uliza kosa, na usitoe kitu kwa jina la dhamana. Wengine hucheka, wengine huniuliza tena na tena, kama wanaotaka kukariri.

Mwezi uliopita alikuja mmoja kutoka Lupaso, ana kitambaa cha sare ya harusi. Alinisikiliza mpaka mwisho nikiwa namzungushia futi kifuani. Kisha akaniambia kwamba shangazi yake naye aliwahi kuchukuliwa hivyohivyo, mwanawe alipotuhumiwa kuiba korosho.

"Alikaa muda gani?" nilimuuliza.

"Mpaka mtoto alipopatikana," alisema. "Sisi hatukuwa na mtu Masasi."

Nilichukua chaki nikaanza kuchora mkono wa gauni, hasira imenijaa.